Presha si mawazo, sukari si chai

Jumamosi moja ya soko hapa Busia, upande wa Uganda, muuguzi aliweka meza chini ya mwembe akawa anawapima watu presha bila malipo. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama anayeuza mukene (dagaa wa ziwani), mwenye mikono ya mtu aliyebeba magunia tangu usichana wake. Mashine ikasoma 168 kwa 102. Muuguzi akamwambia, "Mama, presha yako iko juu sana." Yule mama akacheka. "Itakosaje kupanda, mwanangu? Nina watoto wanne shuleni na muhula ndio huu unafunguliwa." Foleni nzima ikacheka naye, mimi nikiwemo. Karo imepanda, presha imepanda, basi, nani angebisha?

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, kwa sababu naona mkanganyiko wetu unaanzia hapo, kwenye jina lenyewe. Neno presha mtaani lina kazi mbili. "Usinipe presha," tunamwambia kondakta anayetuharakisha kupanda. "Ana presha," tunasema juu ya mtu anayemeza vidonge. Sikio linachukua yote mawili kuwa kitu kimoja, na ukishaamini hivyo, tiba ya presha inakuwa kuacha kuwaza. Kwa kuwa hakuna mzazi anayeweza kuacha kuwaza karo, unakaa ukingoja Mungu. Sukari nayo imetufanyia vivyo hivyo. Ugonjwa umepewa jina la kitu kilicho kwenye kopo jikoni, kwa hiyo mtu akiambiwa ajihadhari anaacha kutia sukari kwenye chai na kuhesabu kwamba amemaliza. Waganda nao wamekwama palepale: husema puleesa na sukaali.

Tuanze na presha, maana ndiyo iliyoenea zaidi.

Moyo unasukuma damu ndani ya mishipa, na presha ni nguvu ambayo damu hiyo inakandamiza kuta za mishipa. Namba ya kwanza inasomwa moyo unapobana, ya pili unapolegea kati ya pigo na pigo. 120 kwa 80 haina tatizo. Ikipimwa kwa siku tofauti ikabaki 140 kwa 90 au zaidi, huo ni ugonjwa. Ukigombana na jirani inapanda, ukitulia inashuka, na kupanda huko ni kazi ya kawaida ya mwili, kama mapigo yanavyokwenda mbio ukipandisha kilima. Ugonjwa ni pale inapokataa kushuka hata ukiwa umetulia.

Inakataa kwa nini? Sababu ni kadhaa, na umri na ukoo vimo, lakini ile inayopita mikononi mwetu kila siku ni chumvi. Chumvi huvuta maji. Kila mpishi anajua: nyunyiza chumvi kwenye samaki mbichi, baada ya muda sinia limejaa maji. Ndani ya mwili chumvi ikizidi uwezo wa figo kuitoa, mwili unabakiza maji ili kuizimua, na damu inakuwa nyingi ndani ya mabomba yaleyale. Mishipa inastahimili. Inastahimili miaka kumi, ishirini, kisha inakakamaa, na mshipa uliokakamaa unadai msukumo mkubwa zaidi, ambao nao unaukakamaza zaidi. Haya yote yanapita bila maumivu. Watu wengi wanangoja kichwa kiume ndipo wakapime, ilhali wenye presha ya juu wengi hawahisi chochote mpaka siku ya kiharusi, au mpaka figo zimechoka.

Kuna historia hapa ambayo shuleni hatukufundishwa, nami naiona ya ajabu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison alichapisha vipimo alivyofanya kwa watu elfu moja upande wa Nyanza, Kenya, si mbali sana na hapa nilipo. Ulaya ilikuwa inajulikana kwamba mtu akizeeka presha hupanda. Kwa watu wake Donnison hakuiona ikipanda. Baada ya miaka 40 ilielekea hata kushuka. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell naye alitibu Waganda kwa miaka mingi, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika ulikuwa adimu kiasi kwamba mgonjwa mmoja tu alitosha kuandikiwa makala kwenye jarida la udaktari, mwaka 1956.

Wajukuu wa watu wale ndio sisi tulio kwenye foleni chini ya mwembe. Damu ya ukoo haibadiliki kwa vizazi viwili, kwa hiyo anayesema "kwetu presha ni ya ukoo" anasema nusu ya habari. Ukoo unarithisha damu, unarithisha na chungu pia, na mkono wa kutia chumvi ndani yake.

Miaka ya 1980 watafiti walipata nafasi ya kuyatazama mabadiliko hayo yakitokea. Waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 1990. Haikuchukua miaka, ndani ya miezi tu presha za waliohama zilikuwa zimewapita wa kijijini. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu, madini ya kwenye matunda na mboga, imepungua, uzito ulikuwa umepanda, na mapigo ya moyo yalikwenda kasi zaidi. Hayo mapigo ya kasi yanaashiria kwamba mwili ulikuwa katika hali ya tahadhari, kwa hiyo mama wa mukene hakukosea kabisa. Mawazo yamo. Yamo kama kuni ndogo, na tena hufanya kazi yake kwa mlango wa nyuma: anayewaza halali vizuri, anakula ovyo, anakunywa pombe apate kusahau.

Sasa kuna fumbo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu za nchi 168 kuhusu watu wazima wasiotumia mwili vya kutosha. Uganda ilikuwa na wachache kuliko nchi zote, asilimia 5.5 tu. Tunalima kwa jembe, tunachota maji, tunatembea. Kama mazoezi yangetosha, presha ingekuwa habari ya nchi nyingine. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta presha ya juu kwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne, na wengi wao hawakuwa wakijua. Utafiti huohuo ulipopima sukari ulikuta kisukari kwa asilimia 1.4 tu, mjini zaidi kuliko kijijini.

Namba hizo tatu ukiziweka pamoja zinasema kitu ambacho nasaha za kila siku za "kula vizuri, fanya mazoezi" hazikisemi. Jembe limetulinda na sukari kuliko lilivyotulinda na presha. Haya ni magonjwa mawili yenye milango miwili, ingawa mara nyingi humkuta mtu mmoja. Nani asiyemjua mkulima mwembamba, mwenye misuli kama kamba, aliyeanguka shambani kwa kiharusi? Watu wakashangaa, wakasema amerogwa, kwa kuwa hakuwa mnene wala hakuwa tajiri.

Basi chumvi iko wapi? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilicho sawa juu, bila kichuguu. Hakuna anayepima hivyo akipika, na mimi singemwomba mtu apime. Kuna hesabu rahisi zaidi, ya pakiti. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500. Nyumba ya watu sita, kila mmoja gramu 5, ni gramu 30 kwa siku; pakiti inapaswa kukaa siku 16 au 17, na kama kuna watoto wadogo ikae zaidi. Niliandika tarehe kwenye pakiti yetu kwa kalamu. Sisi ni sita, watatu kati yetu watoto. Iliisha siku ya 11. Na hapo sijahesabu chapati ninayonunua kwenye stendi, wala roleksi ya asubuhi, ambayo chapati yake ina chumvi, mayai yake yana chumvi, na nyanya juu zinanyunyiziwa nyingine mbichi usije ukalalamika.

Ile chumvi mbichi ya mezani ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa inatiwa kabla mtu hajaonja. Zinafuata pakiti za kukolezea mchuzi, ambazo mpishi huzihesabu kuwa viungo kumbe sehemu kubwa ni chumvi, halafu anatia na chumvi yake juu. Magadi kwenye maharagwe yana sodiamu, kitu kilekile cha kwenye chumvi kinachopandisha presha. Mukene waliokaushwa juani bila kutiwa kitu hawana kosa; mputa (sangara) waliotiwa chumvi na kukaushwa waloweke usiku na umwage maji. Ulimi una ubishi wa wiki kadhaa. Ukipunguza kidogokidogo unazoea, kisha chakula cha zamani kinakuwa hakiliki.

Na potasiamu iliyopungua kwa wale Waluo wa Nairobi? Hiyo inazisaidia figo kutoa chumvi. Imejaa kwenye matoke, ndizi mbivu, viazi vitamu, maharagwe, na mboga za majani kama dodo na nakati. Matoke yaliyofukishwa kwa majani ya mgomba hayatiwi chumvi kabisa, na yana potasiamu tele. Mtu angekaa chini kubuni chakula cha mgonjwa wa presha asingefika mbali na hapo. (Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza, maana kwake potasiamu nyingi inaweza kudhuru.) Mwenye kuleta chumvi mezani ni mchuzi unaomwagwa juu ya matoke.

Tuje kwenye sukari. Posho (ugali), wali, chapati, muhogo, matoke hayohayo: vyote ni wanga, na wanga ni sukari iliyoshikana kama shanga kwenye uzi. Tumbo linaukata uzi, shanga zinaingia kwenye damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari milango ya misuli na ini ili itumike au ihifadhiwe. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, milango hiyo inakuwa mizito. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka linachoka. Sukari inabaki damuni, inaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Ukipimwa asubuhi hujala kitu, chini ya 6.1 (kwa kipimo cha mmol/L) ni sawa, 7.0 na kuendelea, vipimo vikirudiwa, ni kisukari. Katikati ya hapo ni onyo, na ndipo mahali ambapo mtu bado anaweza kugeuka. Nazungumzia kisukari cha ukubwani. Kile kinachowapata watoto na vijana ghafla kina sababu nyingine, na mama asilaumiwe kwa chai aliyompa mwanawe.

Kwa hiyo vijiko viwili vya sukari kwenye chai ni kweli vina lawama, na soda ina lawama kubwa kuliko chai, lakini mlima wa posho uliojaza sahani ukiwa na mchuzi pembeni kidogo una lawama pia. Hasa posho ya unga namba moja, ule mweupe uliokobolewa mpaka ukaonekana kama poda ya mtoto. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira kisha Mulago, anakumbukwa kwa uvimbe wa saratani ya taya za watoto aliouelezea mwaka 1958. Baadaye maishani alishikwa na jambo jingine: choo. Alijiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo aliyoyaona kila siku kwao yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake wa Uganda, akafikia kwamba tofauti ilikuwa nyuzinyuzi za chakula. Alitembea duniani akihutubia madaktari na kuwaonyesha picha za mavi, bila haya hata kidogo. Si kila alichodai kilithibitika. Lakini kuhusu nyuzinyuzi wengi wamekubaliana naye: zinachelewesha shanga zile kuingia damuni na zinashibisha mapema. Wakati yeye akitusifu, sisi tukaanza kulipa zaidi kinu kituondolee pumba.

Kalo, ugali wa mtama au wimbi, bado ipo. Unga namba mbili bado upo, tena ni wa bei nafuu. Wengine wanauona wa shule na jela, na nadhani aibu hiyo inatugharimu kuliko sukari ya kopo.

Halafu misuli. Msuli unaofanya kazi unachukua sukari kwenye damu hata bila kungoja insulini nyingi, ndiyo maana kutembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula kunashusha sukari kuliko kukaa. Hapo Busia ina la kusimulia. Boda ilizaliwa hapa, miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana wenye baiskeli walipowabeba watu na mizigo kwenye kipande cha njia kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na cha Kenya, wakiita "boda, boda". Kijana yule alikanyaga pedali kutwa. Mjukuu wake amekaa juu ya pikipiki saa kumi na mbili, soda mkononi, kikomando (chapati na maharagwe) mchana, waragi (pombe kali) jioni, na abiria wake amekataa kutembea mita mia tano. Ile asilimia 5.5 ni ya wenye majembe. Vijana wa stendi wanaiaga, na namba za sukari mjini zinawasubiri.

Rais Museveni alipojirekodi Aprili 2020, wakati wa kufungiwa kwa korona, akikimbia pekupeku ofisini na kupiga pushapu thelathini, wengi tulicheka. Kwa mtu aliyefungiwa ndani ushauri ulikuwa sahihi. Ila mama anayebeba magunia ya mukene hahitaji pushapu, na ukimwambia afanye mazoezi umemtukana. Yeye anahitaji mkono mwepesi wa chumvi na vidonge. Dereva wa lori anayengoja foleni ya forodha kule Malaba siku nzima kwenye kiti ndiye anayehitaji kushuka atembee. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia, na hazihitaji kuwa za mfululizo.

Pombe na sigara sitazitolea hotuba. Pombe inapandisha presha moja kwa moja, iwe waragi au malwa ya mirija, na mtu akipunguza inaonekana kwenye mashine ndani ya wiki chache. Serikali ilipiga marufuku waragi ya vipakiti mwaka 2019, ikabaki chupa. Sigara inaharibu ukuta uleule wa mshipa ambao chumvi inausukuma. Na wanaoniuliza, "Je, malaria? Je, kuhara?" nawajibu kwamba neti, maji yaliyochemshwa na sabuni vibaki palepale, familia zetu nyingi zinapigana vita viwili kwa mpigo, na mbu hapumziki eti kwa sababu baba ana presha.

Nirudi chini ya mwembe. Kabla hujaamini namba ya mashine, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kuvuta. Usiongee wakati inapima. Nusu ya foleni yetu walikuwa wanaongea. Ndiyo maana kipimo kimoja hakimtoshi mtu kuitwa mgonjwa, ingawa namba kubwa kama ya yule mama haifai kuachwa ingoje; muuguzi alimwandikia karatasi aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nilimuuliza muuguzi ni watu gani wanaomsumbua zaidi. Hakutaja wanaokataa kupimwa. Alitaja wanaoanza dawa, wakapima baada ya mwezi wakakuta 125 kwa 80, wakasema wamepona, wakaacha. Namba imeshuka kwa sababu ya kidonge; kidonge kikiondoka inarudi ilikokuwa, na mtu hahisi inaporudi.

Zamu yangu ilipofika mashine ilisoma 138 kwa 88. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, asubuhi. Nilirudi ikawa 134 kwa 86, akaniambia nirudi tena. Pakiti ya chumvi nyumbani sasa inafika siku ya 18. Watoto wanasema mchuzi ni chapwa, na mdogo wao amegundua mahali mama yake anapoficha kopo la chumvi.